Kwa Nini Mgonjwa Husema "Inawaka"



Mtu aliugua mkanda wa jeshi, malengelenge yakakauka, na miezi minne baadaye amerudi kliniki. Ngozi haina kidonda. Lakini shati likimgusa ubavuni anaruka. Muulize yakoje maumivu, atakwambia: "Inawaka, kama nimepakwa pilipili." Jioni hii nadai kwamba mgonjwa huyu hapambi maneno. Anatoa taarifa ya kemia.

Kwa muda mrefu tulifundisha mshipa wa fahamu kama waya wa umeme: ukibanwa au ukichubuka, hupiga shoti. Mwaka 1988, Gary Bennett na Yi-Kuan Xie waliizungushia neva kubwa ya paja la panya nyuzi nne, wakazifunga kwa kulegeza. Ni nyuzi za kushonea, zile zinazotengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Panya akaanza kutembea ameukunja mguu, hataki uguse sakafu. Amebanwa, tukasema. Mwaka 1993 watafiti wengine wakaulaza uzi wa aina ileile kando ya neva, bila kufunga fundo lolote. Panya akawa vilevile hastahimili joto. Sasa kilichobana ni nini? Uzi ule ulikuwa umewaamsha askari wa mwili, na askari hao hawaji mikono mitupu.

Huja na saitokini, protini ndogo ambazo chembe za kinga hutumiana kama salamu za hatari. Mashuhuri ni TNF na interleukini-1 beta. Tulidhani salamu hizo ni za askari kwa askari. Kumbe neva nayo ina masikio. TNF ikinasa kwenye kipokezi chake, huamsha kimeng'enya kiitwacho p38, na ndani ya dakika chache sodiamu inayoingia kwenye neva huongezeka. Sodiamu ndiyo inayofyatua neva. Mguso ambao jana ulipita kimya, leo unapiga kelele.

Na pilipili je? Mwaka 1997 maabara ya David Julius, huko California, ilitambua mlango wa neva unaofunguliwa na kapsaisini, ukali wa pilipili. Mlango huohuo hufunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi. (Kazi hiyo ilimpa Julius nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.) Penye uvimbe, prostaglandini na wenzake huulegeza kiasi kwamba hata joto la kawaida la mwili linatosha kuufungua. Mgonjwa wetu hakukosea sana.

Ndani ya uti wa mgongo mambo huharibika zaidi. Mikroglia, walinzi wa huko, hutoa protini ya BDNF. Jeffrey Coull, Yves De Koninck na wenzao walionesha mwaka 2005 kwamba protini hiyo huvuruga mizani ya kloraidi katika seli zinazopeleka habari ya maumivu ubongoni. Gaba, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli hizo, hupoteza nguvu, na pengine huzichochea. Breki inageuka kuwa mafuta!

Ndiyo maana hunisikitisha kumwona mgonjwa wa namna hii na mfuko wa diklofenaki. Dawa hiyo huziba bomba moja tu, la prostaglandini, na mengine yanaendelea kumwaga. Amitriptilini na gabapentini huwafaa baadhi, kwa sababu hushughulika na neva yenyewe.

Mtaniuliza: kwa nini tusiizime TNF? Dawa za kuizima zipo, hutumika kwa baridi yabisi. Lakini TNF ndiyo inayosaidia kuwafungia vimelea vya kifua kikuu mapafuni, na mtu mwenye kifua kikuu kilicholala akipewa dawa hizo anaweza kuamka nacho. Katika ukumbi huu, Afrika Mashariki, watu wenye vimelea hivyo vilivyolala si wachache. Kwa hiyo mimi macho yangu yako kwenye milango ya sodiamu. Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, inayofunga mmoja wa milango hiyo, lakini kwa maumivu ya muda mfupi tu. Mgonjwa wa mkanda wa jeshi bado yuko kwenye foleni.