Kujenga Stoo Kwenye Mteremko: Maji Yatapita Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya vikundi vya maendeleo na mafundi wa vijijini)



Leo nimeombwa tuzungumze juu ya vijengo vidogo vya nyumbani: stoo ya mahindi, jiko la nje, zizi la ng'ombe, choo cha shimo. Nyumba kubwa mtu huifikiria kwa miaka. Lakini stoo? Fundi mmoja, mabati kumi, na kazi inaanza Jumamosi asubuhi bila kuuliza mtu. Na huku kwetu milimani, shamba lisilo na mteremko ni la kutafutwa. Kwa hivyo kabla hujainua jembe, jiulize: mvua ikinyesha, maji yatapita wapi, na yatamfikia nani?

Mnakumbuka West Pokot, Novemba 2019. Mvua kubwa ilinyesha, udongo ukaporomoka usiku, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Sisemi stoo ya mtu ndiyo iliyoleta maafa hayo. Nasema udongo ulioshiba maji huwa mzito na kulegea, na ukiukata kwa chini umeuondolea kitu kilichoushikilia.

Tuanze na sheria. Wengi hudhani kibali cha ujenzi ni mambo ya mjini. Sivyo. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi, mjini na mashambani. Asiye na kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Tena anaweza kuandikiwa notisi arudishe ardhi ilivyokuwa. Hebu fikiria, umeuza ng'ombe ukanunua mabati, halafu unaambiwa ubomoe!

Ada na fomu si sawa katika kila kaunti. Basi nenda ofisi ya mipango ya kaunti, eleza kijengo chako ni cha nini na ukubwa wake, uambiwe kinachotakiwa. Ukipeleka maombi, hakikisha una nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe. Kwa nini? Kwa sababu siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba umekubaliwa. Na ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufani kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo hayo. Bila ile tarehe utathibitisha vipi?

Sasa twende shambani. Pima mteremko wako. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2. Weka ncha moja chini upande wa juu wa mteremko, inua ncha ya pili mpaka pima maji ya fundi ionyeshe ubao umelala sawa. Pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikiwa ni sentimita 30, mteremko ni asilimia 15. Hapo stoo ya mita 4 kwa 3 ukiielekeza urefu wake chini ya mlima, tofauti ya juu na chini ni sentimita 60. Ukiilaza kwa kukata mteremko, ni 45 tu. Umepunguza kuchimba na gharama kabla hujanunua hata msumari.

Udongo uliochimba usiumwage upande wa chini halafu ukajenga juu yake. Utatitia, na ukuta utapasuka. Msingi ukae kwenye udongo mgumu ambao haujaguswa, ushuke kwa ngazi ngazi. Udongo uliobaki utumie kwa fanya juu, upande nyasi za napier zishike.

Upande wa juu wa stoo chimba mfereji wa kukinga maji. Uelekeze mahali penye nyasi, si kwenye njia wala uani kwa jirani. Na paa je? Hiyo stoo yetu ina paa la mita 12 za mraba. Mvua ya milimita 50 italiangushia lita 600, yaani madramu matatu ya lita 200. Bila gata, yote yanapiga msingi. Ukiweka gata na tangi, ni maji ya ng'ombe.

Choo nacho kiwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, na kiwe chini yake. Lakini kumbuka, chemchemi ya jirani aliye chini iko chini ya choo chako. Mwone, mpime pamoja. Na kama shamba linapakana na mto, acha ukingo wake. Kanuni huanzia mita 6 kufika 30 kila upande, kulingana na upana wa mto.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mteremko, ukuta huo mara nyingi ni wa jirani.

Kabla ya mvua za masika, kila kikundi kichague shamba moja la mwanachama anayetaka kujenga, mpime mteremko pamoja, na mwende naye ofisi ya kaunti. Mkifanya kwa mmoja, wengine watajua njia.

Sasa ulizeni maswali.