Pimeni Kabla ya Kufunga: Trela la Gusineki na Pikapu ya Bodi Fupi



Leo tunazungumza nanyi kuhusu trela la gusineki, lile ambalo shingo yake huingia ndani ya bodi ya pikapu na kukaa juu ya tufe la chuma. Muuzaji huenda akawaambia kwamba kiungio chake hufungwa hata katika bodi fupi. Kufungwa kitafungwa, kukata kona ndiko kunakotutia wasiwasi.

Tufe hukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Chukulieni trela la mifugo ambalo pua yake ina upana wa mita 2.4: nusu yake ni mita 1.2. Ikiwa kutoka kwenye tufe hadi kabini ni mita 1 tu, mkirudi nyuma kwa kona kali, pembe ya trela itagonga kabini na huenda ikavunja kioo. Wapo wanaosogeza tufe nyuma ya ekseli ili kupata nafasi. Hatuungi mkono jambo hilo hata kidogo: magurudumu ya mbele hupunguziwa uzito, na usukani hauyatawali tena ipasavyo. Afadhali trela lenye pua nyembamba.

Kiungio kifungwe kwenye chasisi, wala si kwenye bati la bodi.

Someni pia kibandiko cha mlango wa dereva. Shingo huielemea pikapu kwa takriban asilimia 20 ya uzito wa trela lililopakiwa. Trela la kilo 4,000 huleta kilo 800. Ongezeni watu wanne, na pikapu nyingi nyepesi zitakuwa zimezidiwa.