Nyumba za Farasi za London Zilivyogeuka Makao ya Watu

Mgeni atembeaye katika mitaa ya Kensington au Belgravia, upande wa magharibi wa London, huona nyumba ndefu nyeupe za orofa nne au tano, zenye nguzo mlangoni. Wengi hutazama hizo tu, wakapita. Lakini nyuma yake, mara nyingi kwa kupita chini ya tao, kuna njia nyembamba iliyotandikwa mawe, na kando zake vijumba vya orofa mbili vilivyoungana kama landi. Waingereza huziita njia hizo myuzi, nazo hazikujengwa kwa ajili ya mabwana wala mabibi, bali kwa ajili ya farasi.

Jina lenyewe lina asili ya ajabu kidogo, maana limetoka kwa ndege. Hapo kale wafalme wa Uingereza walikuwa na mabanda ya kozi wa kuwindia mahali paitwapo Charing Cross, na ndege hao walifungiwa humo wakati wa kunyonyoka manyoya. Ndiyo maana ya neno hilo. Mwaka 1534 mabanda hayo yaliteketea kwa moto. Yalipojengwa tena yakafanywa ya farasi, ila jina la ndege likabaki, na baadaye safu za mabanda ya farasi mjini zikaitwa hivyo hivyo.

Katika enzi ya Malkia Victoria, yaani tangu 1837 hadi 1901, tajiri wa London alihitaji gari la farasi karibu na mlango wake, lakini hakutaka kuliona wala kulinusa. Kwa hiyo banda likawekwa nyuma. Chini palikuwa na mahali pa gari, penye mlango mpana wa mbao, na vyumba vya farasi kando yake. Juu palikuwa na ghala ya majani makavu, na vyumba vichache vya mwendesha gari au saisi, pamoja na mkewe na watoto wake. Majani yalipandishwa kwa kapi. Njia iliinamia katikati, ili maji machafu yapate kwenda katika mfereji. Harufu ya samadi ilipanda kupitia mbao za sakafu mchana na usiku, na hapo juu ndipo watoto walipolala. Tena ukuta wa nyuma, ule ulioelekea nyumba ya bwana, mara nyingi haukuwa na dirisha hata moja, kwa kuwa bwana hakupenda macho ya watumishi yatazame bustani yake. Jambo hilo la dirisha lafaa kukumbukwa, maana linawasumbua wajenzi mpaka leo.

Motokaa ilipokuja, farasi waliondoka. Waendesha magari wengine walijifunza kazi mpya, wakabaki katika vyumba vile vile, motokaa ikilala chini mahali pa farasi. Kati ya vita vikuu viwili watu wenye fedha walianza kuvitamani vijumba hivi, wakavinunua na kuvitengeneza. Leo chumba alichokaa saisi bila kulipa kodi, kwa kuwa kilikuwa sehemu ya ujira wake, kina bei ambayo saisi huyo asingeweza kuipata kwa kazi ya maisha yake yote.

Je, mwenye nyumba aweza kuibomoa na kujenga apendavyo? Hawezi, ikiwa imelindwa. Sheria ya mipango ya miji ya mwaka 1947 iliipa serikali kazi ya kuandika orodha ya majengo yenye thamani ya pekee, na sheria ya mwaka 1967 ikaongeza ulinzi wa mitaa mizima. Matao ya Kynance Mews, huko Kensington, yamo katika orodha hiyo. Jengo likiisha kuandikwa, kulibadili tabia bila ruhusa ni kosa la jinai, nalo hupeleka mtu mahakamani hata kama nyumba ni mali yake halali. Wako wanaonung'unika kwamba hivyo ni kumnyang'anya mtu chake. Lakini myuzi ni safu: mmoja akivunja upande wake, jirani zake wote wamepotewa na kitu ambacho hakuna fedha iwezayo kukirudisha.

Hapo ndipo kazi ya mchora ramani inapokuwa ngumu. Mwanga huingia kwa upande mmoja tu, kwa sababu ya ule ukuta usio na dirisha. Basi hufungua paa na kutia kioo, mahali ambapo mtu wa njiani hatakiona, kisha huweka ngazi katikati ya nyumba ili mwanga ushuke hadi chini. Mlango mpana wa gari haung'olewi. Ukuta wa kioo hujengwa ndani yake, na mbao za zamani hufunguliwa asubuhi kama madirisha makubwa. Kuta nazo zina siri. Mkojo wa farasi wa miaka mingi umeacha chumvi ndani ya matofali, na fundi apakaye lipu mpya kwa haraka huona madoa meupe na unyevu vikitokeza tena. Akipaka saruji huzidisha maradhi, kwani maji hukosa pa kutokea. Dawa ni chokaa, kama walivyotumia wajenzi wa kwanza, na subira.

Wengine, wakikosa nafasi juu, walichimba chini. Nyumba za jirani zilipata nyufa, na magari ya kubeba udongo yalijaza njia zilizokusudiwa gari moja la farasi. Malalamiko yakawa mengi hata mwaka 2015 Halmashauri ya Kensington na Chelsea ikaweka kanuni kali: chumba cha chini kisizidi orofa moja, na kisichimbwe chini ya jengo lililomo katika orodha.

Farasi wenyewe hawajatoweka kabisa. Katika Bathurst Mews, karibu na bustani ya Hyde Park, mabanda ya farasi wa kupanda yameendelea hata katika karne hii, na wenye nyumba za kifahari za jirani wameendelea kusikia kwato zikigonga mawe asubuhi.