AMANI NYUMBANI NA MPAKANI PA SHAMBA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na waalimu katika kujiandaa kwa Yubilee)



Neno hili Yubilee twalitamka sana siku hizi, walakini wengi wetu twalifikiri kuwa ni jina la karamu tu: ng'ombe, ngoma, na kanzu mpya za waimbaji. Asili yake sivyo. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliagizwa wahesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa 50 wapige baragumu katika nchi yote. Wala haikupigwa siku yo yote, bali siku ya Upatanisho. Ndipo shamba lililouzwa kwa umaskini lirudi kwa jamaa ya mwenyewe, na mtu aliyejiuza kwa shida arudi kwa watu wake. Basi mwaona: kwanza kitu hurudi kwa mwenyewe, kisha watu hufurahi. Sisi tumetangulia kufurahi. Haya, si vibaya. Lakini kitu cha mtu bado kimo nyumbani mwetu.

Tena sisi watu wa kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana wazee wetu wa kwanza katika imani walikuwa watu waliorudishwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliowekwa huru, wakashuka Lindi, wakapanda kwa miguu hata Masasi, wakajenga. Kila mmoja alikuwa ametengwa kwa nguvu na nduguze, ikawa sharti ajifunze kumwita mgeni ndugu. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa siku zile Magwangwara, wakaja kwa vita. Watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na waliosalia wengi wakahamia Newala. Walakini kazi haikufa, na mwaka 1926 Masasi ikawa Dayosisi yenye Askofu wake.

Je, leo Mngoni akipita njiani kwetu, nani atakimbilia porini? Katika nchi yetu vita vingi vya zamani vimegeuka utani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, nao leo ni watani. Mmoja akifa, mtani wake huja msibani, hufanya mzaha hata wafiwa wakacheka katika machozi yao, tena husaidia kazi ya maziko. Twaona hekima kubwa hapa. Wazee hawakusema kwamba vita havikuwako. Waliviweka mahali ambapo kila mtu aweza kuvikumbuka bila mkuki.

Ajabu ni hii: twaweza kusamehe kabila zima, tusiweze kumsamehe ndugu wa tumbo moja. Fikirini ndugu wawili, ambao hatuwataji, maana hakuna mtaa usio na wawili kama hao. Baba yao alikufa akaacha mikorosho. Mpaka ulikuwa mti mmoja, nao mti ukaanguka. Sasa kila mwaka, korosho zianzapo kudondoka, huyu asema mpaka ulipita hapa, na yule asema ulipita kule. Mama yao mzee akila kwa mmoja, huficha asijue wa pili. Watoto wao huketi darasa moja wasiazimane hata kalamu. Na siku ya Bwana wote wawili hupiga magoti mbele ya madhabahu, mmoja upande wa kuume, mmoja upande wa kushoto, wakala mkate mmoja.

Hapa twaomba msikie vizuri. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Bwana wetu anasema habari ya mtu aletaye sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Huyo ndiye aiache sadaka, aende. Wengi wetu twageuza maneno haya, twangoja tuombwe radhi. Lakini katika sura ya 18 yule aliyekosewa naye ameambiwa aende, tena kwa siri, wawili peke yao. Basi wote wawili wakitii, hakuna atakayefika nyumbani kwa mwenziwe; watakutana njiani. Labda penye ule mti ulioanguka.

Walakini tusidanganyane. Si kila kimya ni amani. Mwanamke apigwaye na mumewe, akija kwetu sisi wazee, aghalabu twamwambia avumilie ili nyumba isivunjike. Nyumba hiyo imekwisha vunjika. Kilichobaki ni kuta. Nabii Yeremia aliwalaumu makuhani wa siku zake waliofunga jeraha la watu juu juu, wakiita amani pasipo amani. Twaogopa kwamba lawama ile yatufikia. Kazi yetu ni kumweka mama yule mahali pa salama kwanza, kisha kumwita mume, na ikiwa hasikii, kutangulia na mama mpaka kwa wenye mamlaka.

Nanyi waalimu, neno fupi. Mtoto hajifunzi amani katika somo la dini peke yake. Huijifunza akiona jinsi mwalimu mmoja anavyomtaja mwenziwe asipokuwapo.

Habari ya majirani zetu Waislamu hatuna mengi ya kuongeza, maana hapa mnafanya vema kuliko sisi tuwafundishao. Mwazikana, mwaalikana harusini, na mchinjaji mwamwacha awe Mwislamu ili wote wale pamoja. Endeleeni.

Basi tumekubaliana hivi. Jumamosi ya kabla ya Misa ya Yubilee, tangu saa tisa mchana hata jua kuchwa, wazee wa kanisa watakuwa ukumbini katika kila mtaa. Mwenye hati ya shamba isiyo yake, mwenye jembe, cherehani au deni la mtu, aje navyo. Hataulizwa mbele ya watu. Na ndugu wawili wakitaka mashahidi wa kupanda mti mpya mpakani, wawaambie wazee mapema, ili mche wa mkorosho uwe tayari.