NCHI JIRANI: SOMO LA MGODI WA KITAKA

Katika mafunzo ya kijeshi kuna kanuni ambayo kila kuruti hufundishwa mapema, nayo ni kwamba upelelezi hutangulia shambulio. Kikosi kinachoshambulia kabla ya kujua adui yuko wapi na anapata wapi nguvu zake, chaweza kuteka kilima na bado kikashindwa vita. Ukweli wa kanuni hiyo ulidhihirika katika nchi jirani ya Uganda. Waliopigana hawakuwa askari bali wachimbaji wa madini, na adui wao hakuwa na bunduki. Adui huyo ni virusi vinavyoleta homa ya Marburg.

Homa hiyo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, wakati wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati ule, walipougua kutokana na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na 7 kati yao wakafariki dunia. Kwa muda wa miaka 40 hivi swali moja lilikosa jibu la hakika: virusi hivyo hukaa wapi katika miaka ambayo hakuna binadamu anayeugua?

Jibu lilipatikana katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Katikati ya mwaka 2007 wachimbaji wanne wa mgodi huo walipatwa na homa ya Marburg na mmoja akafariki. Ndani ya mgodi waliishi popo wala matunda zaidi ya laki moja. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoko Entebbe, wakishirikiana na wenzao wa Marekani na kwingineko, waliingia mgodini wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga, wakawapima popo hao. Popo 5 hivi katika kila 100 walikutwa na virusi, na wenyewe walionekana kuwa wazima kabisa. Mwaka 2009 watafiti hao walitangaza kwamba wamevipata virusi hai katika miili ya popo hao. Maficho ya adui yakawa yamejulikana.

Lakini wachimbaji hawakungoja. Hofu yao ilikuwa ya haki, kwa sababu mwenzao alikuwa amekufa, na mgodi ndio uliowapa riziki. Mwaka 2008 waliziba njia za popo kwa matete ya mafunjo, wakatega nyavu za samaki kwenye milango, wakawaua kwa maelfu. Mwishoni mwa mwaka huo mgodi ulikuwa mtupu. Kwa macho ya mtu yeyote, ushindi ulikuwa umepatikana.

Miaka minne baadaye, mwezi Oktoba 2012, homa ya Marburg ilizuka katika mji wa Ibanda, yapata kilomita 20 kutoka mgodini. Wagonjwa 15 walithibitishwa na maabara, na 4 kati yao wakafariki. Hadi wakati huo Uganda haikuwa imepata mlipuko mkubwa zaidi wa homa hiyo. Watafiti walirudi Kitaka wakakuta mgodi umefunguliwa tena na popo wamerejea. Idadi yao ilikuwa ndogo sana, labda popo mmoja hadi watano kwa kila mia waliokuwako zamani. Lakini walipopimwa, 13 hivi katika kila 100 walikuwa na virusi. Kiwango cha maambukizo kilikuwa kimezidi maradufu.

Imekuwaje hata mauaji ya popo yakaongeza maambukizo? Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli yanahusu kinga ya mwili. Popo aliyekwisha kuambukizwa akapona hupata kinga, kwa hiyo katika kundi kubwa lililotulia, popo wengi wazima wamekwisha kupitiwa na virusi na hawavisambazi tena. Wanaovieneza zaidi ni vijana wa miezi sita hivi, waliopoteza kinga waliyorithi kwa mama zao. Popo hao huzaa mara mbili kwa mwaka, na sehemu kubwa ya matukio ya binadamu kuambukizwa imeangukia katika misimu miwili, Juni hadi Septemba na Desemba hadi Machi. Kundi la zamani lilipoangamizwa, wazoefu waliondoka na nafasi yao ikachukuliwa na wageni wasio na kinga. Ni kama kombania ya wapiganaji wazoefu iliyoondolewa mpakani usiku mmoja, na mahali pake wakawekwa makuruti watupu.

Ndugu makamanda, wapiganaji na askari wa vikosi vyote, jambo hili si la Uganda peke yake. Mkoa wetu wa Kagera ulipatwa na homa ya Marburg mwaka 2023, watu 6 wakafariki, na tena mwaka 2025 katika wilaya ya Biharamulo, watu 10 wakafariki. Nchini Rwanda, mwaka 2024, watu 66 waliugua na 15 wakafariki, wengi wa wagonjwa wakiwa watumishi wa afya. Uchunguzi ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa mchimbaji wa madini aliyefanya kazi mahali palipokaa popo wa aina ile ile ya Kitaka. Rwanda iliudhibiti mlipuko huo katika muda wa miezi mitatu kwa kupima haraka, kuwatunza wagonjwa mapema na kumfuatilia kila aliyegusana nao.

Askari hupita mahali ambapo raia wengi hawafiki. Hulinda migodi, hufanya doria misituni, na pengine hujikinga mvua mapangoni. Pango lenye popo si mahali pa kulala wala pa kupikia. Askari aliyeingia humo, kisha akapata homa katika siku 21 zinazofuata, amweleze mganga wa kikosi alikotoka, bila kuficha. Na wananchi wakitaka kuchoma au kuziba pango ili kuwaua popo, wajibu wa askari ni kuwazuia kwa maelezo, na kuwaita wataalamu wa afya na wa wanyamapori.

Popo hao huchavusha maua na kutawanya mbegu za miti. Kazi yao ni kubwa, na binadamu hana sababu ya kuwaonea. Wachimbaji wa Kitaka hawakupungukiwa na ushujaa. Walipungukiwa na maarifa ambayo watafiti walikuwa bado wanayatafuta ndani ya mgodi ule ule. Laiti wangesubiri.