Kipimo cha Mwanga



Injili ya Jumapili hii ya 32 ya Mwaka A, katika Mathayo sura ya 25, yatusimulia habari za wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Tofauti yao haikuonekana mpaka usiku wa manane, sauti iliposikika.

Ninayo kamera ya filamu, Pentax K1000, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kukoma mwaka 1997. Ndani yake mna betri moja ndogo kama kifungo cha shati, ya volti 1.5. Haina kazi nyingine ila kuendesha kipimo cha mwanga, yaani ule mshale mdogo auonao mpiga picha anapochungulia. Mengine yote huendeshwa kwa springi. Basi betri ikifa, kamera haigomi. Ukibonyeza kitufe inalia vilevile.

Hapo ndipo niliponaswa. Katekista wetu mzee alipotimiza miaka 40 ya utumishi, nilimpiga picha uani penye jua, kisha nikamfuata ndani ya kanisa letu lenye madirisha madogo. Sikuutazama mshale. Niliusikia mlio nikaridhika. Filamu iliposafishwa, picha za uani zilikuwa njema. Za ndani, alipopiga magoti kurudia ahadi zake mbele ya mkewe na wajukuu, zilikuwa giza tupu. Mwaka uliofuata alifariki. Mjane wake aliniomba ile picha ya kupiga magoti, nami sikuwa na cha kumpa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua betri tatu kwa muda mfupi, na mwenye duka nilikuwa nimemwambia, mbele ya wateja wake, kwamba anauza mabaki. Fundi mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Aliipima betri mpya, akaikuta nzima. Alifuta kutu ya kijani mahali pa betri kwa kitambaa chenye siki kidogo, ingawa alisema kutu huzuia umeme tu, haiuli. Kisha akauliza, "Baba, kamera hii huiweka wapi?" Nikajibu, sakristia, rafuni, karibu na dirisha. "Na kifuniko cha lenzi?" Kilikuwa kimepotea siku nyingi.

Akacheka kwa adabu. Kamera hii, akasema, haina swichi ya kuzimia kipimo; kifuniko ndicho swichi. Maadamu mwanga unaingia, inapima, na betri inalika. Kumbe mchana kutwa ilikuwa ikilipima dirisha langu bila kupiga picha hata moja!

(Najua kwamba katika Injili mwanga si adui. Kila mfano una mpaka wake.)

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 16, wafundisha kwamba dhamiri yaweza kidogo kidogo kuwa karibu kipofu kwa mazoea ya dhambi. Mtu wa namna hiyo haachi kusali. Hata padre aweza kuadhimisha Misa, na mlio ukasikika kama kawaida. Na mara nyingi kinachoila dhamiri si anguko moja kubwa. Kutwa nzima twapima ndoa ya jirani, hesabu za mweka hazina wa jumuiya, mavazi ya wanakwaya. Jioni, ifikapo zamu ya kujipima wenyewe, hatuna nguvu iliyosalia. Mimi nilimpima mwenye duka, nikamhukumu, na kosa lilikuwa rafuni kwangu.

Nilirudi kwake. Kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya wateja, nilingoja wateja wawepo ndipo nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, akapekua chini ya meza, akanipa kifuniko cha lenzi kilichokwaruzika, akakataa fedha. Kwa mjane yule bado sijapata la kusema. Kila Novemba huja sakristia kuandikisha Misa ya marehemu mumewe, nami huliandika jina lile kwa mkono wangu mwenyewe.