Mkahawa wa Wakulima

Hotuba ya Halmashauri katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Katika siku hii ya furaha, ambapo Chama chetu Kikuu kinatimiza umri wa miaka kumi, wasemaji waliotutangulia wamezisifu ghala zetu na mizani yetu. Sisi wa Halmashauri tumepewa kazi ya kueleza jambo ambalo bado halijajengwa, yaani nyumba ya kulia chakula ambayo mkutano mkuu uliagiza ifikiriwe mjini Moshi. Twawaomba mtusikilize kwa subira, kwa maana fedha itakayotumika ni ile iliyokatwa katika malipo ya kahawa yenu.

Yatupasa kuanza kwa kukiri kosa. Tulipoketi mara ya kwanza tulianza kwa kuchagua jengo. Tulitaka ghorofa, vitambaa vyeupe mezani, na orodha ya vyakula yenye kurasa nne, mfano wa hoteli za wageni wapandao mlima. Ramani ilikwisha kuchorwa, ndipo mjumbe mmoja, naye ni mama, alipouliza, "Je, ni nani atakayekula humo?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Tukaikunja ramani.

Baada ya hapo tulishuka mjini kwa zamu, wawili wawili, tukakaa karibu na soko na stendi ya mabasi tangu alfajiri hadi magharibi, tukiangalia watu wanakula nini, kwa bei gani, na kwa muda gani. Tuliona makundi matatu. La kwanza ni wakulima na wachuuzi walioamka usiku, ambao hutaka chakula cha kushibisha kabla ya saa tano, tena kwa bei nafuu. La pili ni makarani na mafundi, ambao wana nusu saa tu ya mchana. La tatu ni wageni, ambao hawana haraka, nao huulizia kahawa ya hapa. Mara nyingi mgeni huyo huletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga, ilhali mibuni aliipita njiani. Jambo hili lilitutia haya. Neno lenyewe mkahawa limetokana na kahawa. Basi itakuwaje wenye kahawa wakose mkahawa?

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa, nalo twaweza kulisema kwa maneno machache: sahani itoke kihambani. Katika kihamba mgomba humpa mbuni kivuli, maharage hukua kati yao, na ng'ombe wa zizini hutoa maziwa na samadi. Vyote hivyo ni chakula. Kwa hiyo tumependekeza vyakula vitano tu: mtori asubuhi, machalari na kiburu mchana, ugali kwa maharage na mboga kwa apendaye, na maziwa. Juu ya hivyo iwepo kahawa yetu, iliyokaangwa karibuni na kusagwa siku ile ile. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, kwa kipimo cha gramu 10 kwa kikombe, hutoa vikombe 100. Mkulima na apige hesabu mwenyewe.

Wako waliotuambia kwamba vyakula vitano ni vichache. Twawajibu kwamba orodha fupi hupunguza chakula kinacholala, humwezesha mpishi kukijua vema anachokipika, na mlaji hahitaji kungoja. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, huko Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwezi wa Desemba, 1844, walianza na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Waliuza kwa vipimo vya haki, na kwa fedha taslimu. Nasi tumeazimia kuishika kanuni hiyo ya pili bila upendeleo: hata mjumbe wa Halmashauri hatakula kwa mkopo.

Kuhusu bei, hapa ndipo nyumba nyingi za chakula huangukia. Tuseme sahani ya machalari imetumia vitu vya shilingi 1,000. Ikiuzwa shilingi 1,500, mtu wa haraka atasema tumepata faida ya 500. Lakini bado mpishi hajalipwa, wala kuni, wala maji, wala kodi ya nyumba, wala sahani iliyovunjika. Wenye ujuzi wa kazi hii hupenda gharama ya vitu vya jikoni isizidi theluthi moja ya bei. Kwa kipimo hicho sahani ile ingefikia shilingi 3,000, na mchukuzi wa sokoni asingeimudu. Dawa yake ni kununua ndizi na maharage kwa wanachama moja kwa moja, na kuviza viti vingi upesi: viti 30, kila kimoja kikikaliwa na watu watatu mchana mmoja, ni sahani 90.

Twapenda kutaja faida moja isiyoonekana vitabuni. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na kwa desturi imekuwa mikononi mwa akina baba. Ndizi na maziwa huuzwa na akina mama, na fedha yake huja kila wiki. Mkahawa utakaonunua mikungu kila juma utapeleka daftari na sare za shule katika nyumba nyingi. Tena tumeombwa, nasi tumekubali, kwamba wapishi watafutwe kwanza miongoni mwa mama lishe wa pale pale sokoni, ili Chama kisiwe mwenye nguvu anayemnyang'anya mnyonge riziki.

Ndugu Wanachama, wazee wetu wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa, na jinsi ilivyongojewa sheria ya 1982 ili virudi. Mali ya ushirika hujengwa polepole, na hupotea kwa siku moja. Kwa sababu hiyo leo hatuombi ghorofa. Twaomba ruhusa ya kupanga nyumba moja ya viti 30 kwa msimu mmoja, hesabu zake zibandikwe ukutani kila mwezi penye macho ya wote. Ikionekana haijilipi, tutaifunga kabla haijazaa deni, wala hatutaona aibu. Ikijilipa, ninyi ndio mtakaotuambia tuikunjue ile ramani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Twawakaribisheni wote kwenye kikombe cha kwanza, nacho mtakilipia.